Sura ya Tano: Bei ya Kusema "Nimekosea"

Dada mmoja wa Kibosho aliniuliza swali ambalo nimelisikia kwa watu wengi tangu nianze kuandika kitabu hiki. Alisema: "Nina wadogo zangu wawili. Wamenyonya ziwa moja, wamelelewa nyumba moja. Mmoja akiharibu jambo, anakuja na kusema, 'Dada, hapa nimekosea.' Mwingine akiharibu, ana sababu kumi. Na ukimsikiliza, unaona kabisa kwamba anaziamini. Kwa nini?"

Neno zito katika swali hilo ni la mwisho kabla ya "kwa nini". *Anaziamini.* Angekuwa anatudanganya tu sisi, tungemwita mwongo na mambo yangeishia hapo. Lakini msikilizaji wa kwanza wa sababu zake ni yeye mwenyewe, na amekwisha kushawishika kabla hajafungua mdomo.

Katika sura hii tabia hiyo nitaiita *kujihalalishia*: kutafuta sababu nzuri kwa ajili ya jambo ambalo moyo umekwisha kuliamua. Kisingizio huambiwa wengine. Kujihalalishia ni kesi inayosikilizwa ndani ya kichwa, na humo mshtakiwa, wakili na hakimu ni mtu mmoja.

Sababu ya kweli iliyokuja kwa kuchelewa

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mitumba pale Kiboriloni. Amefungua balo, nguo nyingi ni chakavu, na wiki ya tatu inaisha bila mauzo. Anajiambia: "Ni Januari, watu wamelipa ada za watoto, hawana hela." Maneno hayo ni ya kweli. Januari mjini Moshi kila mtu analia na ada. Lakini jirani yake aliyepanga meza hatua nne kutoka kwake anauza Januari hiyo hiyo.

Kwa hiyo tusiwatazame wanaojihalalishia kana kwamba wanatunga mambo kutoka hewani. Sababu zao mara nyingi zina ukweli ndani yake. Kasoro iko kwenye mpangilio: uamuzi ulitangulia, sababu ikafuata ili kuufunika. Yule mfanyabiashara hakupima hali ya soko kisha akaamua kuvumilia. Aliamua kwamba hakukosea kuchagua balo, ndipo akaikumbuka Januari. Sungura wa hadithini, aliyeruka mpaka akachoka bila kuzifikia ndizi, naye aligundua kwamba ni mbichi baada ya kushindwa. Hakuzikagua kabla.

Kwa nini akili hufanya hivi? Mwaka 1957 Leon Festinger, mwanasaikolojia wa Marekani (yaani mtaalamu wa mwenendo wa akili na hisia), alitoa maelezo ambayo bado yana nguvu. Mawazo mawili yanayopingana hayakai kwa amani ndani ya mtu mmoja. "Mimi ni mtu ninayejua biashara" na "nimetupa mtaji wangu kwenye matambara" ni mawazo yanayogombana, na ugomvi huo unauma kweli. Mtu hulazimika kulegeza upande mmoja. Wazo la kwanza ameishi nalo miaka ishirini, la pili lina wiki tatu. Ni rahisi kukisia lipi litasukumwa nje.

Theluji iliyokataliwa London

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua unauhusu Kilimanjaro, mlima tunaouona kila asubuhi mawingu yakiruhusu.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kuelekea Uchagani. Akaona weupe unaong'aa juu ya mlima, na mwanzoni akadhani ni wingu. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: *baridi*. Rebmann, aliyekulia Ujerumani, akatambua kwamba ni theluji.

Habari zake zilichapishwa London mwaka 1849. Huko alikuwepo William Desborough Cooley, msomi wa jiografia aliyeheshimika, mwanzilishi wa Hakluyt Society, chama cha kuchapisha masimulizi ya safari za kale. Alikuwa ameijenga picha yake ya Afrika ya ndani kwa kusoma maandishi na kupambanisha maelezo ya wasafiri. Hakuwahi kufika huku. Katika picha yake hapakuwa na nafasi ya theluji karibu na ikweta. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu Afrika ya ndani, na ndani yake akaikataa theluji ya Rebmann.

Tazama alivyopambana. Ushuhuda wa Rebmann aliugeuza kuwa njozi ya mtu aliyeona kilichomo kichwani mwake. Johann Ludwig Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, naye akauona mlima mwaka 1849, hakuaminiwa. Mwaka 1861 akaja Karl Klaus von der Decken pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa miamba, wakaupima. Mwaka uliofuata Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda mpaka karibu mita 4,300, na theluji ikawaangukia. Chama cha jiografia cha kifalme cha Uingereza kikamtunuku Decken nishani ya dhahabu mwaka 1864. Cooley hakubadilika. Kwa kila shahidi mpya alipata kasoro mpya, na alifariki mwaka 1883 bila kuupa mlima theluji yake.

Sasa mrudie yule kiongozi wa Rebmann. Jambo asilolijua hakulipa jina. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba kule juu ni baridi, na hilo tu ndilo alilosema. Machame kulikuwa na simulizi, lililomfikia Rebmann, kwamba Mangi (yaani mtawala) Rungua aliwahi kutuma kundi la watu wakachunguze kitu kile cheupe ni nini. Alirudi mmoja, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Watu wa mlimani walikuwa wamelipia ujuzi wao kwa vidole. Cooley hakulipia chochote, na hata akikosea hakuna kidole chake ambacho kingeganda.

Akili nyingi si kinga

Hapa ndipo wengi hukosea wanapojibu swali la dada wa Kibosho. Hudhani anayejihalalishia ni mtu mwenye akili fupi, na kwamba elimu itamponya. Cooley alikuwa na elimu ya kutosha kugawia kijiji. Elimu hiyo ndiyo iliyompa uwezo wa kuona dosari ndogo ndogo katika kila taarifa asiyoipenda.

Mwaka 2013 Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake waliwapa watu jedwali la takwimu. Baadhi yao waliambiwa ni matokeo ya dawa ya kupaka kwenye ngozi. Waliokuwa wazuri katika hesabu walilisoma vizuri zaidi, kama unavyotarajia. Wengine waliambiwa ni takwimu za sheria ya bunduki, jambo linalowagawa sana Wamarekani kisiasa. Hapo waliokuwa wazuri katika hesabu wa pande mbili walitofautiana kuliko watu wa kawaida, kwa sababu kila mmoja aliikagua hesabu kwa makini pale tu ilipokuwa inampinga.

Nimeliona hili kwenye vikao vya ukoo. Mjomba aliyesoma kuliko wote si lazima awe wa kwanza kukubali kwamba mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ulisogezwa. Mara nyingi yeye ndiye mwenye hoja ndefu kuliko wote.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kujihalalishia hutumia sababu ambazo huenda ni za kweli, ila zimekuja baada ya uamuzi. Akili na elimu huweza kumsaidia mtu kuona kosa lake, na huweza vilevile kumpa silaha za kulificha. Tofauti kati ya wale wadogo wawili itabidi tuitafute kwingine.

"Huku juu kichwa kikiuma, ni mlima"

Nilianza kuielewa tofauti hiyo siku niliyokuwa nauguza kichwa pale kambi ya Horombo, mita 3,720, kwenye njia ya Marangu. Nilikuwa nimewaaga watu wengi. Nilikuwa nimetangaza kwamba nitafika kileleni. Kichwa kilipoanza kugonga jioni, nilimwambia kiongozi wetu kwamba ni miwani mipya, bado sijaizoea. Nilikuwa nikisema kweli: miwani ilikuwa mipya.

Akaniuliza maswali kwa sauti ile ile aliyowaulizia wenzangu wote:

- Kichwa kinauma kiasi gani?
- Tumbo likoje, kuna kichefuchefu, umemaliza chakula?
- Uchovu wa leo ni wa kawaida au umezidi?
- Unasikia kizunguzungu?

Kisha akanibana kidoleni kidude cha kupima oksijeni kwenye damu, na akaniambia nitembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu kingine. Baada ya hapo akasema: "Kaka, huku juu kichwa kikiuma, ni mlima. Mpaka ithibitike kwamba ni kitu kingine."

Nimeifikiria sentensi hiyo mara nyingi. Ni kanuni inayofundishwa kwa wapanda milima duniani kote: ukiumwa mahali pa juu, hesabu kwamba ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Sababu ya kitabibu iko wazi. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Maumivu ya kichwa yakipuuzwa, wengine huishia kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo, na hapo tiba ya msingi ni kushuka haraka. Lakini mimi nilivutiwa na namna kanuni ile inavyoshughulika na wakili wa ndani. Inamhamishia mzigo wa ushahidi. Kwa kawaida mtu huanza na "mimi ni mzima" kisha anadai athibitishiwe ugonjwa. Kiongozi yule aliniweka upande wa pili: wewe ni mgonjwa, leta ushahidi wa miwani. Sikuwa nao. Nikalala siku ya pili pale pale Horombo.

Angalia pia kwamba maswali yaliulizwa kila jioni kwa kila mtu, wazima na wagonjwa, kabla mtu hajawa na la kuficha. Na saa ya kugeuka usiku wa kupanda Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima, tuliambiwa tukiwa bado chini, wakati hakuna aliyekuwa anakiona kilele. Ukisubiri kumuuliza mtu kama ageuke akiwa Gilman's Point, mita 5,685, kilele kikiwa mbele ya macho yake na fedha za safari zimekwisha kulipwa, utapata jibu la moyo lililovaa nguo za hoja.

Waliofika ukingoni wakashuka

Mlima huohuo uliwahi kuwapima watu wengine kwa namna hii. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu kufika juu ya Kibo akashindwa. Mwaka 1888 alirudi, akakamatwa pwani katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na safari ikafa. Mwaka 1889 alikuja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria. Marangu walipata watu wa kuwaonyesha njia, na kumbukumbu za huko zinamtaja Yohani Kinyala Lauwo.

Tarehe 3 Oktoba, baada ya kukata ngazi kwenye barafu kwa saa nyingi, wawili hao walifika ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano lililo juu ya Kibo. Hakuna aliyejulikana kufika pale kabla yao. Wangeweza kusema wamefika, nani angewapinga? Lakini waliona kwa macho yao kwamba sehemu ya juu kabisa iko ng'ambo, upande wa kusini wa ukingo. Nguvu zilikuwa zimekwisha. Wakashuka bila kujipa kilele. Tarehe 6 Oktoba wakarudi na kukifikia.

Je, Meyer alikuwa mtu mnyofu kuliko Cooley? Huenda. Lakini mimi natazama chakula. Baada ya kushindwa huko nyuma, Meyer alikuwa amepanga kambi kwa ngazi kutoka Marangu hadi juu, wapagazi wakipandisha chakula kwa zamu, na Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao kwenye kambi ya juu. Kwa hiyo kusema "bado hatujafika" jioni ya tarehe 3 kuliwagharimu siku tatu na maumivu ya miguu. Kama kushindwa siku ile kungemaanisha kurudi hadi pwani na kuanza upya, sina hakika macho yao yangeuona ule upande wa kusini kwa uwazi uleule.

Cooley je? Yeye angelipa kitabu chote cha 1852, heshima ya miaka mingi, na nafasi yake mbele ya wenzake. Bei hiyo ilikuwa inapanda kila mwaka aliokaa bila kukiri.

Hilo ndilo jibu nililompelekea dada wa Kibosho. Wanaojihalalishia kidogo kwa kawaida ni watu ambao kosa lao huwajibu haraka, na ambao kulikubali hakuwagharimu sana. Nikamuuliza wadogo zake wanafanya kazi gani. Yule asemaye "nimekosea" ni seremala mtaani Majengo. Mlango wake usipofunga, haufungi, na mteja amesimama pale. Anachukua randa, analainisha, mlango unafunga. Amekosea na kurekebisha mara elfu, na hakuna mara moja iliyomwondolea useremala. Mwingine ndiye ukoo mzima ulimchangia asome. Ng'ombe waliuzwa. Kila kosa lake ni kosa juu ya fedha za shangazi na wajomba. Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tulimpa mzigo."

Ndoo, kijiko na kisanduku

Mlimani kwetu kuna vifaa vya kazi ambavyo, ukivitazama vizuri, vilibuniwa kwa ajili ya udhaifu huu wa kujihalalishia. Mkulima wa kahawa aliyetoka kuchuma humwaga matunda kwenye ndoo ya maji. Mazuri huzama, mepesi, yaliyoliwa na wadudu au yasiyojaa, huelea. Hana haja ya kubishana na nafsi yake kuhusu alivyolitunza shamba mwaka huu.

Waonjaji wa kahawa mjini Moshi hufanya kazi kwa namna nyingine. Vikombe hupangwa kwa namba. Mwonjaji anavuta kahawa kwa kishindo kutoka kwenye kijiko, anaizungusha mdomoni, anaitema, anaandika alama. Jina la shamba hakuliona. Angeliona kwanza, ulimi wake ungeanza kusikia kile anachokijua kuhusu mwenye shamba, na yeye mwenyewe asingeng'amua.

Kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, hesabu hufanyika mbele ya wote, na kisanduku kina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu. Watu husema ni kwa ajili ya kuzuia wizi. Mimi nadhani kinazuia pia kitu kinachotangulia wizi, yaani mtu mwema aliye peke yake na fedha za watu, anayejiambia kwamba anaziazima mpaka Ijumaa.

Asiyeweza kumudu kukiri

Kuna jambo linanisumbua kila ninapozungumzia haya, nami sitaki kulipita. Tukisema kukiri kuna bei, lazima tuulize nani amepewa bei ya juu.

Mpagazi wa Kilimanjaro hubeba mzigo ambao kanuni za hifadhi zinataka usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Yeye naye ana mapafu kama mgeni. Akianza kukohoa akiwa juu, kwa mgeni kushuka ni kupoteza likizo. Kwa mpagazi inaweza kuwa ni kupoteza malipo ya safari, na pengine kutoitwa tena. Ukimkuta anajiambia kwamba ni vumbi tu la njiani, usiseme ni mkaidi. Anafanya alichofanya Cooley, lakini Cooley alikuwa na kiti cha kukalia na chakula mezani. Maswali manne yale ya jioni hayasaidii kitu ikiwa jibu la kweli linamnyima mtu mkate. Anayesimamia watu, awe mwenye kampuni, mkuu wa shule au baba mwenye watoto, ana mkono mkubwa katika kupanga bei hiyo kuliko anavyodhani, na wengi wetu tunaipandisha bila kukusudia, kwa uso tu tunaoukunja mtu anapokuja na habari mbaya.

Siku ile ya kupumzika Horombo nilimuuliza kiongozi wetu kama yeye amewahi kugeuka. Akasema ndiyo, mara moja, akiwa kambi ya Kibo Hut. Usiku wa kupanda alijipima mwenyewe mstari, akayumba. Akampa msaidizi wake kundi na karatasi ya majina, akashuka na mpagazi mmoja kabla hakujapambazuka.

"Wageni walisemaje?" nikauliza.

"Sikuwauliza, kaka. Nilikuwa nayumba."

"Na ofisini kwenu?"

"Waliniuliza kama nimeshafika hospitali. Nikalala siku tano. Wiki iliyofuata nikapanda tena, na kampuni ile ile."